Mtoto wa miezi 20, kuharisha na nyonyo: wodi ilifanya nini hasa

Hiki kisa ni cha mtoto wa kiume wa mdogo wangu wa kike, alikuwa na miezi 20 alipolazwa kwa kuharisha na kutapika kwenye hospitali moja ya serikali huku Tanga, katikati ya Ramadhani. Mdogo wangu ameniruhusu niandike ila kasema nisitaje jina lake wala la hospitali, sawa. Mimi mwenyewe ni nesi lakini niko wodi ya upasuaji ya watu wazima, hospitali nyingine kabisa, kwa hiyo pale nilikuwa mama mkubwa wa mtoto tu, nabeba hotpoti na kanga za kubadilisha, na nadhani ndo maana niliona mengi, maana kazini unapita kitandani na faili mkononi unaondoka, huku nilikaa kitandani penyewe.

Ninachotaka kuchambua ni kimoja. Mabango ya kliniki yote yameandika mtoto akiumwa endelea kumnyonyesha, kila mama keshaambiwa, hakuna jipya hapo. Ila mtoto wa miezi 20 anatapika, kitanda chenyewe chembamba, mama amefunga, mama mkwe kasimama pembeni anasema hayo maziwa ndo yanamuua mtoto, hapo bango linakusaidia nini? Kilichofanya huyu mtoto aendelee kunyonya ni vitu vidogo vidogo vya mikono ambavyo wale manesi walivifanya, vingine hata wao wenyewe sidhani kama wanakumbuka kwamba walivifanya.

Kabla hajafika hospitali

Mtoto alinyonya bila kuchanganyiwa kitu mpaka miezi 6, chanjo zote kapata zikiwemo za rota, ambazo hapa Tanzania zilianza kutolewa 2013. Watu waliuliza sana "si alichanjwa, mbona anaharisha?" Chanjo ya rota inapunguza kule kuharisha kukali kunakoletwa na kirusi hicho kimoja, haizuii kila aina ya kuharisha, na vijidudu vya kuharisha ni vingi mno. Kwa miezi 20 alikuwa anakula wanachokula wenzie, wali maharage, ugali na dagaa, na kunyonya kulikuwa kumebaki akiamka, mama akirudi kazini, na usiku. Mdogo wangu anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mpango wake ulikuwa Idi ikipita amwachishe ziwa.

Ugonjwa ulianza alfajiri wakati wa daku, akatapika, kulipokucha akaanza kuharisha maji matupu, hayana damu. Nyumbani wakafanya yale yale yanayofanywa na nyumba nyingi: duka la dawa, wakauziwa Flagyl ya maji (dawa ya kuua vijidudu) na pakti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji), pakti ikachotwa kidogo ikakorogwa kwenye kikombe kwa kukisia, na soda iliyotikiswa mpaka gesi ikaisha. Flagyl kwa kuharisha maji ya namna ile haina kazi, na soda ina sukari nyingi, inavuta maji kwenda kwenye utumbo, mtoto anaharisha zaidi. Jirani mmoja akaja akasema mwangalieni fizi, hayo meno ya plastiki hayo, mwingine akasema ni kimeo, kikatwe. Namshukuru Mungu hawakuthubutu, maana hilo linaloitwa jino la plastiki ni jino la kawaida la mtoto ambalo bado liko ndani ya fizi, wanalichokoa na waya, na anayebaki na kidonda na damu na maambukizi ni mtoto, kuharisha kuko pale pale.

Mama mkwe naye alikuwa na lake, na hakulisema kwa ubaya. Alisema mtoto kabemendwa. Kwa msioishi pwani, ni ile imani kwamba baba na mama wakikutana kabla mtoto hajaachishwa ziwa, au mmoja wao akatoka nje, mtoto anadhoofu, anaharisha, kutembea anachelewa. Sasa baba wa mtoto ni dereva wa lori na alikuwa amerudi safari siku chache tu kabla mtoto hajaanza kuumwa, kwa hiyo hesabu ilijipanga yenyewe na kila mtu pale uani aliipiga. Mdogo wangu hakubishana. Alinyamaza, akapunguza kumpa mtoto ziwa mbele za watu, halafu akapunguza kabisa, mpaka jioni ya siku ya pili mtoto alikuwa hajanyonya tangu asubuhi. Mi nilipopigiwa simu na kufika, nilichokiona kwanza ni macho ya mtoto yameingia ndani, analia machozi hayatoki. Tukaita bajaji.

Mapokezi

Kadi ya kliniki ilionyesha mwezi uliopita alikuwa na kilo 9.4. Mzani wa hospitali ukasoma 8.6. Ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, mtoto anasumbua, ukimpa maji anakivamia kikombe kwa kiu. Nesi akampima unene wa mkono na ule mkanda, sentimita 13.0, yaani utapiamlo hana, na hicho kipimo kina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani kwa sababu mtoto mwenye utapiamlo mkali maji yake yanahesabiwa tofauti kabisa, ukimkimbiza na dripu kama huyu unaweza ukamuua. Malaria wakapima kwa kile kipimo cha haraka, hakuna. Sukari ya damu sawa.

Halafu nesi akauliza, huku anaandika, wala hakuinua kichwa: "Bado ananyonya?"

Mdogo wangu akajibu kama mtu anayekiri kosa, "Ananyonya sista, ila nilikuwa nataka kumwachisha."

"Vizuri. Mpe basi hapo hapo wakati tunaongea, mi naendelea kuandika."

Basi. Hakuna hotuba. Hakushangaa kwamba mtoto mkubwa hivyo bado ananyonya, hakuuliza "mpaka leo?" na mimi ninayefanya kazi hospitali najua hilo "mpaka leo?" linavyotoka mdomoni kirahisi. Mdogo wangu akafungua, mtoto akashika, akanyonya dakika chache akatapika yote kwenye kanga. Mama mkwe akageuza uso, kama kusema mnaona sasa. Yule nesi akasema tusubiri dakika kumi, tunaanza tena taratibu, kutapika hakumaanishi kwamba yote yametoka. Na huo ndo mwongozo wenyewe, wa ORS ni huo huo, mtoto akitapika unasubiri dakika 10 halafu unaendelea kwa kasi ndogo, lakini kuna tofauti kubwa ya kuusoma na kumsikia mtu anausema kwa sauti ya kawaida mbele ya mama mkwe wako.

Kikombe cha bibi

Upungufu wa maji wa kiwango chake ulikuwa wa kati, kwa hiyo wakampangia ORS, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Kwa kilo 8.6 ni kama mililita 645. Nesi akaomba chupa ya maji ya lita moja, akamwaga pakti nzima humo, akaitikisa, akasema pakti ni ya chupa hii yote, ukiikata nusunusu kwa macho unaweza ukamtengenezea mtoto chumvi kali au ukampa maji matupu. Akachora mstari kwa kalamu kwenye chupa, hapa ndo tufike ikifika saa nne usiku.

Hapo akafanya kitu ambacho mimi nimekirudia kazini kwangu tangu siku ile. Alimgeukia mama mkwe. "Bibi, huyu mama anamnyonyesha, hawezi kufanya yote. Wewe ndo mwenye subira. Shika kikombe hiki na kijiko, kila dakika moja kijiko kimoja, akikataa pumzika kidogo, usimlazimishe." Bibi akakaa kwenye kiti, akavua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya godoro ili aione, akaanza. Kijiko, anaangalia saa. Kijiko, anaangalia saa. Suala la kubemenda hakuna aliyemjibu, hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemwambia hayo ni mambo ya kizamani. Amepewa kazi, na kazi yenyewe inaendana na nyonyo, kijiko cha bibi halafu ziwa la mama halafu kijiko, kwa hiyo kupinga ziwa ingekuwa ni kupinga kazi yake mwenyewe. Siku iliyofuata nilimsikia anawaambia wageni kwamba mtoto mgonjwa hanyimwi ziwa. Sidhani kama imani yake imebadilika, na haikuwa lazima ibadilike. Na kusema kweli naona wazee walioileta hiyo habari walikuwa wanahangaika na mimba za haraka haraka, mtoto mdogo anaachishwa ziwa kabla ya wakati kisa mama kashika nyingine, shida ni kwamba leo lawama inaangukia kwenye maziwa yenyewe.

Usiku

Mstari hatukuufikia. Kuharisha kulikuwa kunazidi kinachoingia, na karibu na saa sita usiku mtoto akalegea, kijiko kikimgusa mdomo hamezi, ziwa halishiki, ngozi ukiivuta inakaa imesimama. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu yuko intani, alifika haraka na akasema waziwazi hii sasa ni kali, dripu. Maji ya dripu yanayoitwa Ringer, mililita 100 kwa kilo, kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja unaanza na 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kwa huyu kama 258, halafu 70 kwa kilo kwa saa mbili na nusu, kama 602.

Mdogo wangu alitaka kumpa ziwa kwa nguvu, anambana kifuani analia, nyonya baba, nyonya. Nesi wa usiku akamshika mkono akamwambia hapana, mtoto asiyeweza kumeza akitiwa kitu mdomoni kinaweza kwenda kwenye mapafu, tumpe maji ya mshipa kwanza, akiamka atakutafuta mwenyewe. Hapa nataka nikazie maana kuna watu wakishaelewa kwamba ziwa ni dawa wanalitumia hata pasipofaa. Mtoto aliyelegea namna ile, au anayehema kwa shida sana, halishwi kwa mdomo mpaka waliopo waseme. Kumuunga mkono mama kwenye kunyonyesha ni pamoja na kumwambia subiri.

Kwenye kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani wa kupitishia dripu, nesi aliuliza swali ambalo mimi miaka yote nachoma sindano sijawahi kuliuliza: "Akinyonya anatumia mkono gani kushikia?" Wa kulia, anachezea shingo ya mama yake. Basi wakatafuta mshipa mkono wa kushoto, wakaufunga na kipande cha boksi, mtoto akabaki na mkono wake wa nyonyo. Na walimchoma akiwa amepakatwa na mama, hawakumwambia atoke nje. Kwa watoto wachanga imeshathibitika kwamba kunyonya wakati wa sindano kunapunguza maumivu, huyu alikuwa hanyonyi wakati ule, ila alikuwa kwenye harufu aliyoizoea.

Dripu iliingia. Bibi akawa anavuta tasbihi. Mdogo wangu akaanza kulalamika kifua kinauma, maziwa yamejaa magumu kwa sababu jioni mtoto alikuwa amenyonya kama kichanga halafu ghafla akaacha. Nesi akaleta kikombe cha chuma kilichooshwa na sabuni na kuchemshwa, akamwonyesha jinsi ya kukamua kwa mkono, vidole viwili nyuma ya ile sehemu nyeusi, unasukuma kuelekea kifuani halafu unabana, huvuti chuchu. Mara ya kwanza matone, halafu yakaanza kurusha. Kama nusu kikombe. Kuna watu wangemwambia amwage. Nesi akaweka kisahani juu akasema haya ni ya kwake akiamka, na kwa joto hili la Tanga hatutayaweka muda mrefu.

Aliamka kabla dripu haijaisha. Alifungua macho, akatazama ile stendi ya dripu, akatazama mama yake, akasema "nyonyo" kwa sauti imekauka kabisa. Walianza na vijiko vya yale yaliyokamuliwa, alipomeza vizuri bila kukohoa ndo akapewa ziwa. Alinyonya mpaka akalala.

Zamu ikabadilika

Nisiwapake rangi wote. Asubuhi zamu mpya iliingia na nesi mmoja, simlaumu sana maana alifundishwa hivyo zamani na hata mimi nilikuta wakubwa wanasema hivyo, akamwambia mdogo wangu usimnyonyeshe kwanza, pumzisha tumbo mpaka kuharisha kukate. Mdogo wangu, ambaye amekesha, akarudi pale pale alipokuwa nyumbani, akafunga kifua na kanga. Mi nikawa nasitasita kuingilia kwa sababu sio wodi yangu na unajua tena ukijifanya unajua kwenye hospitali ya watu.

Tumbo la mtoto anayeharisha halipumzishwi kwa njaa. Utumbo unajitengeneza upya kwa kulishwa, mtoto asiyelishwa anapungua uzito na anachelewa kupona, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani upo wazi kwamba mtoto anayenyonya aendelee kunyonya muda wote wa kuharisha, hata wakati wa kurudishiwa maji.

Inchaji wa wodi alipopita raundi na daktari bingwa, akakuta kanga imefungwa, akauliza, akaambiwa. Hakumgombeza yule nesi mbele yetu. Alichukua chati ya maji, ile ya kuandika kilichoingia na kilichotoka, akachora safu nyingine kwa rula akaandika juu yake KUNYONYA. Akasema mililita zilizotoka kwenye ziwa hatuwezi kuzipima, lakini kila akinyonya weka tiki na saa, akinyonya kwa muda mrefu tiki mbili, na pampasi kila ikibadilishwa iandikwe. Kuanzia pale kila zamu iliyoingia ilikuta ile safu ina tiki, na nesi akikuta safu anaijaza, ndo tabia yetu manesi, tukiona kiboksi hakijajazwa hatulali. Mabishano yakaishia hapo. Nimeiwaza sana ile safu. Mama hakutakiwa tena kujitetea, na daktari bingwa kila asubuhi aliisoma pamoja na dripu na mkojo, kwa hiyo kunyonya kukawa sehemu ya matibabu kwenye faili, sio jambo la mama na mtoto wake.

Zinki nayo wakaanza, kidonge cha miligramu 20 kwa siku, siku 10. Kinayeyuka kwenye kijiko, na walimyeyushia kwenye maziwa ya mama yake kwa sababu ladha yake watoto wengi wanaitema. Akameza.

Kitanda, chakula, saumu

Kile kitanda kilikuwa katikati ya wodi, chembamba, upande mmoja reli imevunjika. Mama aliyekesha akinyonyesha amelala hapo, mtoto anaanguka. Jioni ile mhudumu wa usafi pamoja na nesi walikisukuma mpaka kona, upande mbovu ukakaa ukutani, mama akalala upande wenye reli na stendi ikahamia miguuni ili mrija usimfunge mtoto akigeuka. Wakasogeza na pazia. Sijui kama kuna kikao kilikaa kuamua hilo, walisukuma tu.

Kunawa mikono walilisimamia kweli, ndoo yenye bomba na sabuni ilikuwa mlangoni na nesi alimrudisha hata bibi. Ziwa halihitaji kuoshwa kila mara, mikono ndo inahitaji, hasa ukitoka kubadilisha pampasi.

Sasa saumu. Mdogo wangu alikuwa amefunga siku zote hizo, hata ile siku ya kwanza ya kukimbizana, na hakutaka kufungua kwa sababu aliona hiyo ndo dua yake kwa mtoto. Inchaji ni Muislamu, mtu mzima, akakaa kitandani akamwambia mwanangu anayenyonyesha akijihofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula, habari ya kulipa au fidia utamuuliza shehe wako baadaye, sasa hivi mtoto huyu chakula chake ni wewe. Halafu akaongeza, na najua aliongeza kwa ajili ya masikio ya bibi, kwamba Suratul Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, huyu ana miezi 20, hajafika. Bibi akaitikia kwa kichwa. Hilo daktari bingwa mwenyewe asingeweza kulisema likakubalika vile.

Chakula cha wodini ni cha mgonjwa, wa kumhudumia mgonjwa anategemea ndugu. Inchaji alituandikia kikaratasi getini turuhusiwe kuingia na chakula cha mama hata nje ya muda wa kuona wagonjwa, na akasema leteni na maji, lita nzima, msilete chai tu. Magharibi yule mhudumu wa usafi alikuwa anapita na uji wa futari wenye pilipili manga kwenye jagi anawamiminia kina mama wote, waliofunga na wasiofunga.

Maziwa yaliongezeka. Mwanzoni mdogo wangu alilia kwamba hayatoki, maana mwili wake ulishazoea mtoto wa mara tatu kwa siku na sasa kageuka wa kila saa. Baada ya kama siku mbili za kunyonya hovyo hovyo, yalirudi. Ndo yanavyotengenezwa, yanafuata kunyonywa, hakuna cha supu ya pweza wala karanga, ingawa supu ya pweza tulimletea na alikula na ilimfurahisha.

Kwa nini naona ilisaidia

Siku mbili za mwanzo yule mtoto alikataa kila kitu. Uji hataki, ndizi ya kupondwa hataki, ORS kwa kupigana. Ziwa hakulikataa hata mara moja pale alipokuwa na fahamu zake. Mtu ataniambia maziwa ya mwaka wa pili hayana kitu, ni maji tu. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya miezi 12 na 24 bado yanaweza kutoa kama theluthi moja ya nguvu anayohitaji mtoto, na hiyo ni kwa mtoto mzima anayekula. Huyu aliyekataa chakula yalikuwa ndo chakula chote alichopata zaidi ya ile dripu. Angekuwa ameshaachishwa ziwa, wangemwekea mpira wa puani, inawezekana ingekuwa lazima, na yangekuwa mateso mengine.

Halafu kuna kutulia. Wodi ya watoto usiku ni vilio, mtoto akilia sana anatapika, akitapika tunaanza upya. Huyu akishika ziwa alikuwa ananyamaza na ORS aliyopewa inabaki tumboni. Sina namba za kuthibitisha hilo, nimeliona kwa macho.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja akaja kuniuliza pembeni, yeye anatumia ARV, zile dawa za VVU, na mtoto wake ana mwaka na miezi mitatu, aliambiwa zamani na mtu kwamba mwaka ukifika lazima akate. Tangu 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama anayemeza dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha mpaka miezi 24 au zaidi. Nilimwambia aende akaongee na watu wake wa CTC, ile kliniki ya VVU, waangalie kipimo chake cha wingi wa virusi, asikate kwa kuambiwa na mtu wa mtaani, na asiendelee kwa kuambiwa na mimi tu.

Kilichokosekana

Vyeti vya hospitali rafiki wa mtoto, ule mpango ulioanzishwa 1991 na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, vimejengwa kuzunguka wodi ya wazazi: mtoto anazaliwa, awekwe kifuani, anyonye ndani ya saa moja, chupa marufuku. Vizuri. Ila mtoto akirudi hospitali hiyo hiyo ana mwaka na nusu anaumwa, anapokewa wodi ya watoto ambayo hakuna anayeikagua kwa mambo hayo. Pale kila kitu kilitegemea inchaji yule kuwa mtu wa namna yake. Akihamishwa mwakani, ile safu ya KUNYONYA iliyochorwa kwa rula inahama naye. Mi ningependa ichapishwe kwenye chati yenyewe, ni mstari mmoja tu wa wino. Kiti cha mgongo kwa ajili ya mama pia hakikuwepo, na chakula cha mama kilitegemea kama una ndugu, kulikuwa na dada mmoja katoka Pangani hana mtu, alikula kwa huruma za vitanda vya jirani.

Alipotoka alikuwa na kilo 9.2. Wakampa zinki za kumalizia, ORS, na maelezo kwamba kwa wiki mbili ale mlo mmoja wa ziada kila siku ili arudishe mwili, na kwamba akishindwa kunywa, akilegea, akitoa damu au kuharisha kukiendelea, arudi bila kusubiri kukuche. Maelezo hayo walimwambia mama na bibi pamoja, bibi akarudia kwa mdomo wake mwenyewe mpaka nesi akaridhika.

Kazini mdogo wangu aliogopa kufukuzwa. Nikamwambia achukue karatasi ya ruhusa ya kutoka hospitali ampelekee bosi, sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiumwa, na anayenyonyesha ana hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha mtoto. Bosi wake alikuwa hajui hiyo ya saa 2, alisoma kwenye simu yake mara mbili, akasema haya. Sasa mchana bibi anampeleka mtoto dukani kwa bodaboda, ananyonya nyuma ya mifuko ya saruji, wanarudi. Kumwachisha kumesogezwa mpaka mvua za vuli, na kasema safari hii atapunguza mnyonyo mmoja mmoja, anaanza na wa mchana.